Ile Pembe ya Mawe Usiyoweza Kulima

Wengi walionunua mashamba na viwanja pembezoni mwa Dodoma tangu Serikali ilipotangaza kuhamia huko mwaka 2016 wana pembe moja inayowaudhi. Ni ile yenye majabali na changarawe, ambako jembe linagonga jiwe kabla halijazama na kilichoota ni miiba tu. Ukimpeleka fundi anatikisa kichwa, maana msingi hapo unataka baruti. Afisa ugani naye anakushauri ulime kuanzia chini yake. Mwishowe pembe inageuka jalala la chupa na mifuko, au malisho ya mbuzi wa kila mtu. Wenye mashamba Singida, Isimani, Machakos, Makueni na Kitui wanaijua pembe hiyohiyo.

Ushauri wangu ni kwamba ipandwe, lakini si kwa ajili ya ghala lako. Ipandwe iwe mahali pa kula pa ndege, nyuki, vipepeo na wanyama wadogo wa porini. Robo eka inatosha, hata nusu yake. Faida kwako zipo: asali, udongo usiohamia kwa jirani, ndege wa kukusaidia kupunguza viwavi bustanini. Ila ukianzia kwenye hesabu ya faida utachagua miti isiyofaa, kwa hiyo tuanzie kwenye njaa.

Katika nyanda kame za kati za Tanzania mvua ni kama milimita 500 hadi 650 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Machi hadi Juni porini ni karamu. Nyasi zimebeba mbegu, vichaka vina matunda, panzi wamejaa, na hakuna ndege anayekuhitaji. Nenda mahali hapohapo mwezi wa Oktoba. Mbegu za nyasi zimeokotwa au zimeungua na moto, wadudu wamejichimbia, na kumbikumbi hawaruki mpaka mvua ya kwanza. Utawakuta kwale wakipekua vinyesi vya mbuzi kutafuta mbegu za mgunga zilizopita tumboni bila kusagika, na nyuki wakigombea unyevu kwenye mdomo wa bomba. Hao ndio wa kuwapandia. Ukambani, wenye misimu miwili ya mvua, wana vipindi viwili vya namna hiyo: kirefu kinachoishia Oktoba, na kifupi cha mwanzoni mwa mwaka.

Wengi wakisikia habari ya kulisha ndege hukimbilia kupanda nafaka. Mtama na uwele hukomaa wakati ambapo kila kichaka kimejaa chakula, kisha hukauka na kuliacha eneo likiwa tupu miezi ile ambayo ungetaka lilishe. Marekani wawindaji hupanda vishamba vya kloveri, shayiri na tanipu ili kulungu wa kule wasogee karibu. Wana majira ya baridi, na shabaha yao ni mnyama aonekane msimu wa kuwinda ukifunguliwa. Sisi shabaha ni nyingine. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania huwezi kumgusa mnyamapori bila kibali, hata kama ni digidigi anayelala chini ya mti ulioupanda mwenyewe. Umemlisha, lakini hujawa mwenye mali. Basi kila uamuzi hapa chini upime kwa swali moja: mmea huu utakuwa na nini cha kuliwa Septemba, Oktoba na Novemba? Utaona kwamba unaojibu vizuri karibu kila mara ni ule wenye mizizi iliyopenya chini ya jiwe, si ule unaopandwa na kung'olewa kila mwaka.

Wanyama hawasomi vibao, kwa hiyo amua mapema unamkaribisha nani. Kama shamba liko karibu na mapito ya tembo, kama vijiji vilivyo jirani na Ruaha au Tsavo, usipande kabisa kitu chenye tunda kubwa tamu, na matikiti yasionekane. Kule Sagalla, karibu na Voi, mtafiti Lucy King na wakulima wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya, mmoja kila baada ya mita 10. Tembo akigusa waya mizinga yote inatikisika, na nyuki humwogopesha. Kwa wasio na tembo, mgeni msumbufu ni tumbili na nyani. Hao watakuja kwa ajili ya papai na embe, kwa hiyo hayo yapande karibu na nyumba unapoyaona. Vitunda vidogo vya porini nyani pia hula, nisikudanganye, lakini havimfanyi aache njia yake kuja kupiga kambi kwako.

Halafu kuna nyoka. Penye mbegu pana panya, na penye panya na mawe kuna siku atapita kifutu au swila. Weka eneo hili mbali na nyumba na choo, katikati acha ukanda uliofyekwa na kufagiliwa, na usiingie humo na kandambili. Sumu ya panya usitumie. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Hujikokota nje, bundi akamla, na wewe ukawa umemuua yule aliyekuwa akikufanyia kazi bure kila usiku.

Sasa tuje shambani. Hatua ya kwanza haina mbegu: funga eneo, kisha hesabu visiki. Ardhi inayoonekana tupu mara nyingi imejaa mizizi hai ya miti iliyokatwa kwa kuni na kutafunwa na mbuzi kila inapochipua. Kondoa iliwahi kuwa mfano wa aibu wa mmomonyoko. Mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi, na mimea ikarudi yenyewe kwa kiasi ambacho upandaji peke yake usingefikia. Wasukuma walilijua hilo kabla ya mradi wowote, kwa ngitili zao: eneo linafungwa wakati wa mvua ili nyasi ziwepo kiangazi. Dodoma ya leo utaratibu unaosikika zaidi unaitwa Kisiki Hai, unaosambazwa na LEAD Foundation pamoja na Justdiggit ya Uholanzi tangu mwaka 2018. Unachagua kisiki chenye machipukizi, unaacha mawili matatu yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine unakata kwa panga kali, kisha unafunga kitambaa ili kila mtu ajue kwamba mti huo una mwenyewe.

Mimi ningekushauri uupunguze makali utaratibu huo. Mkulima wa mahindi anataka mti uwe na shina moja na kivuli chepesi. Kwale na digidigi wanataka kichaka kilichosongamana mpaka chini, wasionekane na mwewe wala mbwa. Kwa hiyo pogoa visiki vichache tu, vile unavyotaka viwe miti, na vingine viache vijifunge vyenyewe. Ukiona baada ya mvua moja visiki vimefunika theluthi ya eneo, umeokoa jasho la mashimo mengi.

Hatua ya pili ni maji, na hapa mawe yanageuka kuwa mali. Jabali ni paa lisilo na mfereji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja; kwa hiyo mwamba wenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 10, ukinyeshewa milimita 20 alasiri moja, unamwaga hadi lita 2,000. Toa zinazopotea kwa kurukaruka na kulowa, bado ni mapipa mengi. Kwa kawaida maji hayo yanakimbilia korongoni ndani ya dakika chache yakiwa yamebeba udongo. Kitui, hasa upande wa Mutomo, watu walijenga kuta ndogo juu ya miamba na kuyaelekeza maji matangini. Kwako huhitaji saruji. Mvua ya kwanza ikinyesha vaa koti utoke nje, utazame maji yanapita wapi. Hakuna ramani itakayokuonyesha hilo.

Mahali maji yanapotoka kwenye mwamba, panga mstari wa mawe kuyakata, ukifuata usawa wa mteremko. Usawa usiukadirie kwa macho, macho hudanganya mlimani. Tumia mpira wa maji unaoonyesha ndani, kama mafundi wanavyopima msingi. Safu ya kwanza ya mawe makubwa izame kidogo ardhini, la sivyo maji yatapita chini yake na kuchimba. Mawe madogo na changarawe viwe upande wa juu, vichuje. Kimo kikifika nusu ya goti kinatosha. Ukuta huu hauzuii maji, unayachelewesha tu, na yakichelewa huacha udongo, majani na mbegu. Msimu wa pili utakuta nyuma ya mstari pameota vitu ambavyo hukupanda.

Mashimo yanafuata. Dodoma ina shimo lake lenye jina, la kijiji cha Chololo: upana wa sentimita 22 hivi, kina 30, umbali wa sentimita 60 kutoka shimo hadi shimo na 90 kati ya mistari. Hilo ni la nafaka. Kwa vichaka na miti chimba pana zaidi, sentimita 45 hadi 60, lakini kwenye mawe usishikilie vipimo wala mistari. Chukua mtaimbo utembee ukigonga. Ukitoa mlio mkavu wa chuma na mkono ukakufa ganzi, sogea. Ukizama kwa kishindo kizito kisicho na mwangwi, hapo kuna mfuko wa udongo kati ya mawe, na mifuko ya namna hiyo hushika unyevu muda mrefu kuliko shamba la wazi, kwa sababu jua halifiki na maji ya pande zote yanaishia humo. Alama nyingine ni nyasi: pale zinapobaki na ukijani hadi Juni wakati kwingine kumekauka, pawekee kijiti mapema, ukumbuke pa kuchimba.

Udongo wa juu uweke kando, wa chini umwage upande wa mteremko kama mwezi mchanga unaotazama juu. Changanya udongo wa juu na samadi kavu, iliyokaa. Mbichi inaunguza mizizi. Shimo usilijaze hadi ukingoni, acha kibonde cha kukusanya maji. Baada ya kupanda, zungushia mche mawe bapa. Yanazuia jua lisinyonye unyevu, na chini yake usiku kunabaki na ubaridi. Matandazo ya nyasi ni mazuri pia, ingawa mchwa watayamaliza. Waache. Vijia wanavyochimba ndivyo maji yanavyopitia kwenye ardhi iliyoshikamana.

Sasa mimea. Kama ningeruhusiwa mmoja tu, ningechukua mkole. Kila mtoto aliyechunga mbuzi Ugogo anaujua: vitunda vidogo, kokwa kubwa, nyama kidogo lakini tamu, na vikikauka bado vinaliwa. Maua yake ya njano yanajaa nyuki. Ukiukata unachipua, ukivunjwa na ng'ombe unachipua, na hausogei juu sana, kwa hiyo tunda linafikiwa na kila mtu, kuanzia shore na kwenzi hadi digidigi. Hauvutii macho, ndiyo maana wauza miche wengi hawana. Utaupata kwa visiki, au kwa kuokota kokwa mwenyewe.

Jirani yake awe mswaki. Huu ni wa kijani kiangazi kizima, unavumilia hata udongo wa chumvi, na vitunda vyake vyekundu vyenye ukali kidogo kuzumburu na kwenzi hawaviachi vikaiva vyote. Kichaka chake kinagusa ardhi. Kwenye eneo ambalo kila kitu kimepukutisha majani, hapo ndipo viumbe wadogo watakapojificha saa sita mchana.

Migunga huna haja ya kuitafuta, itakuja. Mgunga wa mwavuli huangusha maganda yake yaliyojikunja wakati wa kiangazi, na chini yake ndipo kanga wanapochakura asubuhi. Kikwata ni mkorofi zaidi: miiba yake imepinda, ukiingia na shati zuri utatoka nusu. Lakini huchanua kabla ya majani, mwishoni mwa kiangazi, tawi lote likawa jeupe wakati porini hakuna ua jingine la maana, na warina asali wanaiheshimu asali yake. Upande mpakani. Kwa miaka miwili ya mwanzo tegemea uzio wa matawi ya miiba yaliyokatwa. Mchwa wakiumaliza, kikwata kitakuwa kimeshika zamu.

Kwenye nyufa zenyewe, pasipochimbika, weka mishubiri. Inachanua miezi mikavu, na chozi watakuja kufyonza maua yake hata kama hukuwahi kumwona chozi hapo. Chukua machipukizi ya pembeni kutoka kwa jirani mwenye nayo bustanini, yaache kivulini siku chache kidonda kikauke, kisha yabane kwenye ufa na konzi ya udongo. Usimwagilie kila siku, yataoza. Na usiende kung'oa porini: mishubiri ya mwituni imeporwa vya kutosha kwa ajili ya utomvu wake, na biashara yake ya kimataifa iko chini ya mkataba wa CITES.

Nyufa hizohizo ni makao ya mitini ya miambani, ile yenye mizizi myeupe inayotiririka juu ya jabali. Kila mtini una kalenda yake. Mmoja unaiva Juni, mwenzake Novemba, na ndiyo maana ninga, hondohondo na popo huizungukia mwaka mzima. Ukiwa nao tayari, umepata zaidi ya chochote utakachonunua. Usipokuwa nao, ponda tini zilizoiva, changanya na samadi laini, upake mchanganyiko huo ndani ya ufa wenye kivuli mvua zinapoanza, kisha usahau. Ndege wenyewe huipanda kwa njia inayofanana na hiyo. Ila usiupande karibu na tangi wala msingi wa nyumba. Mzizi unaopasua mwamba hautashindwa na tofali.

Mbambara na jamaa zake hupandwa kwa vipande. Kata tawi la unene wa mkono, urefu wa mita moja na nusu, acha likauke utomvu kivulini, lichomeke ardhini mwishoni mwa kiangazi kabla ya mvua. Majani yake hukaa miezi michache tu, lakini ndege hupenda vitunda vyake, na vipande vilivyopangwa karibu vinakuwa uzio ulio hai. Watu wengine hupendelea minyaa. Inashika upesi kweli, lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali, na sioni mnyama anachopata humo zaidi ya kivuli.

Mkwaju uweke chini ya mteremko palipo na udongo wa kina. Mbuyu kama upo uache. Maua yake yanafunguka jioni kwa ajili ya popo, na matundu yake hulaza wale kasuku wadogo wenye shingo ya njano ambao asili yao ni Tanzania peke yake. Kupanda mbuyu ni kupandia wajukuu. Ni jambo jema, lakini usiuhesabu kwenye chakula cha miaka hii.

Katikati ya vichaka acha wazi, pawe na nyasi. Kama ardhi imevaa ukoko mgumu, ikwaruze kwa reki na urushe mbegu za Cenchrus ciliaris au Eragrostis superba, nyasi za kwetu ambazo wafugaji wa Kitui na Makueni wametumia kurudishia malisho. Usizifukie kina. Zikikomaa usizifyeke hadi mbegu zidondoke. Panga mambo hivi: kichaka, uwazi wa hatua chache, kichaka tena. Kanga hali mahali asipoweza kukimbilia.

Mimea ya msimu haikatazwi kabisa. Mbaazi ninaipenda hapa: mzizi wake unakwenda chini, unadumu zaidi ya mwaka mmoja, nyuki wanapata maua, na chakula kinabaki mtini wakati kunde zimeshasahaulika. Fiwi ziache zitambae juu ya mawe. Mistari michache ya alizeti nyuma ya ukuta wa mawe inafaa, hasa kama jirani anafuga nyuki. Mtama na uwele ndiyo ninayoikataa, na si kwa sababu ya msimu tu. Kweleakwelea wakigundua robo eka yako hawaishii kwako. Watalala hapo na kesho watateremka kwenye uwele wa majirani ambao ndio ugali wao wa mwaka. Makundi yakikua Serikali hulazimika kutuma ndege kunyunyizia sumu, na sumu haichagui ndege. Kwa njia hiyo mtu aliyetaka kuwalisha ndege huishia kuwa sababu ya kuuawa kwao, na majirani hawatamsalimia.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba ukimlisha ndege umemwajiri apande. Chochote anachokula kwako atakidondosha kilomita kadhaa mbele. Kwa hiyo mmea wa kigeni unaosambaa, ambao shambani ungeudhibiti kwa jembe, hapa unaupa mabawa. Watu wa Baringo wanaujua mathenge, ulioletwa kuokoa ardhi kame miaka ya 1980 mwanzoni, ukaishia kuziba malisho na kung'oa meno ya mbuzi kwa maganda yake yenye sukari. Laikipia wanapambana na mpungate uliosambazwa na nyani na tembo waliopenda tunda lake. Lantana yenye maua ya rangirangi ni hadithi hiyohiyo. Yote mitatu inastawi kwenye ukame na mawe, na mtu atakusifia kwa sababu hizo. Kataa, hata ukipewa bure.

Mbegu za miti unaweza kuzipata kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kwa Kenya taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI. Nyingine ziko zizini. Mbegu za mgunga zilizopita kwa mbuzi zimeshalainishwa ganda na nyingi huota upesi. Za kuchuma mtini zimwagie maji yaliyotoka kuchemka, sufuria ikiwa imeshaepuliwa, uziache zilale humo hadi kesho. Zilizovimba panda, zilizobaki vilevile rudia. Za migunga na mikwaju napendelea zipandwe moja kwa moja shimoni, mbegu tatu au nne pamoja. Mche uliokaa muda mrefu kwenye kiriba mzizi wake mkuu umejikunja, na kwenye ardhi hii mti usio na mzizi ulionyooka hauoni kiangazi cha pili.

Maji ya kunywa ni nusu ya chakula. Tafuta kibonde kwenye jabali, au weka sinia pana lisilo na kina, ujaze kokoto zinazochomoza juu ya maji ili nyuki watue bila kuzama. Badilisha kila baada ya siku mbili tatu, viluwiluwi vya mbu visipate muda wa kukomaa. Liwe mahali pa wazi kiasi kwamba paka hawezi kunyemelea, na karibu na tawi ambalo ndege atatua kwanza aangalie usalama. Ukianza kuweka maji Septemba usikatize Oktoba. Walioyazoea wanakuja kutoka mbali. Mzinga, kama utauweka, uwe upande ambao hakuna njia ya watu, nyumba wala zizi. Na ukirina usikombe yote, ubakizie nyuki akiba ya miezi ileile unayoihangaikia.

Moto ukiingia mara moja Agosti unafuta kazi ya miaka mitatu, kwa hiyo kila Mei fyeka njia ya moto ya mita tatu au zaidi kuzunguka eneo lote. Mbuzi ni hatari polepole lakini kila siku. Katika vijiji vingi vya Dodoma, baada ya mavuno mifugo huachiwa kila mahali, na mtu mgeni anayefunga ardhi ghafla huonekana mchoyo. Kabla ya kukata mwiba wa kwanza nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mtafute mzee anayechunga hapo. Msalimie, keti, mweleze. Atakuuliza: "Sasa mwanangu, hapo utavuna nini?" Usimwambie habari za ikolojia. Mwambie kwamba nyasi za kati ya vichaka, mbegu zikishadondoka, atakata yeye na kubeba, sharti mbuzi wasiingie. Makubaliano hayo yana nguvu kuliko seng'enge, na mzee huyo ndiye atakayewafukuza watoto wenye manati wakati wewe uko mjini.

Kama unasoma haya kiangazi, kazi zako ni tatu sasa hivi: uzio wa miiba, kuhesabu visiki, na mashimo, maana ardhi ngumu ikishalowa utakuwa na haraka ya shamba la chakula na pembe itasahaulika. Vipande vya mbambara vichomeke Novemba. Mbegu na miche zisubiri mvua iloweshe shimo hadi chini. Chomeka mkono, ukikuta ukavu kwenye kiwiko, subiri mvua nyingine. Mvua ya kwanza ya Desemba mara nyingi hufuatwa na wiki za jua kali, na mche uliopandwa kwa furaha siku ile ndio unaokufa. Februari pia kuna pengo la jua ambalo wakulima wa Dodoma wanalijua vizuri. Wiki hizo chukua ndoo, mwagilia iliyopandwa mwaka huu tu, lita tatu nne kwa shimo, jioni. Ya mwaka jana iache ijitafutie.